UZI: INSIDE ya Playdead, ni kazi safi ama ni sinema tu umeshikishwa pedi ya gemu?

Ngome_ya_Pikseli (mwenye uzi)

Wasee, kila mara gemu za kuruka zenye giza zikitajwa humu, mmoja anaileta INSIDE kama mtu anayeleta Msahafu, halafu mwingine anamjibu, "Ni kukimbia kulia saa tatu, basi." Wote wawili wanabishana bila kufungua boneti. Leo tuifungue.

Kwa wageni: Playdead ni studio ya Copenhagen, Denmark, wale wale wa LIMBO ya 2010. INSIDE ilitoka kwa Xbox One mwishoni mwa Juni 2016, ikaingia Windows wiki iliyofuata, PS4 ikaipata Agosti mwaka huo huo, iPhone na iPad Desemba 2017, Switch Juni 2018. Mtoto mwenye shati jekundu anatoroka msituni usiku, anapita shamba, anaingia jiji ambalo binadamu wanaendeshwa na binadamu wenzao kama mikokoteni. Hakuna maandishi. Hakuna mtu anayeongea. Juu ya skrini hakuna kipimo cha uhai wala ramani. Vitendo ni vitatu tu: kutembea, kuruka, kushika.

Msimamo wangu ni kwamba uzuri na kasoro za gemu hii zimezaliwa tumbo moja. Walipotoa kila kitu cha kukueleza, walibaki na mwili wa yule mtoto peke yake wa kuongea nawe. Mwili huo umetengenezwa vizuri kuliko wahusika wengi wa gemu kubwa kubwa. Lakini fumbo lisiloweza kukuambia kanuni zake lazima libaki jepesi, na ndiyo maana kuna watu wanasinzia katikati.

Mfano wa mwili: ile foleni ya jijini. Mtoto anadondoka katikati ya mstari wa watu wasio na akili zao, na mbele kuna taa inayowakagua. Unatakiwa kutembea kwa mwendo wao. Wakisimama, simama. Wakigeuka, geuka. Wakiruka, ruka. Pembeni kuna watazamaji waliovaa barakoa. Hujaambiwa lolote, ila ukiachia kijiti cha pedi umechelewa robo sekunde, unauona mwili wa mtoto ukijirekebisha kwa hofu. Hakuna kitufe cha "kujifanya". Ni kile kile cha kutembea ulichotumia tangu msituni, sasa kimepewa kazi nyingine. Hapo ndipo mimi huvua kofia.

Mwisho nitauongelea chini na nitaweka onyo. Endeleeni.

---

DadaWaMafumbo

Foleni nakubali. Lakini mbona hamuwahi kutaja kwamba foleni si fumbo? Ni mtihani wa kufuata. Nikitenganisha mafumbo halisi na maonyesho, INSIDE inabaki na machache, na mengi ni sanduku, kamba na kitufe.

Yaliyo mazuri kwanza, nisionekane mchoyo. Nguruwe: anakuja mbio, unamruka, anajigonga ukutani na kuanguka. Ukisogea unaona kitu kama mnyoo kimening'inia mkiani. Unakishika, unavuta, kinachomoka, na nguruwe anabaki amelala, sasa ni ngazi yako ya kupandia. Ndani ya dakika mbili adui amekuwa kifaa, na wakati huo huo umedokezwa kwamba kuna kitu kinaingia ndani ya viumbe na kuviendesha. Fumbo na hadithi ni kitu kimoja.

Vifaranga vilevile. Vinamfuata mtoto popote. Unavipeleka chini ya bomba la mashine inayonyonya na kutema, unawasha, vinanyonywa na kurushwa upande wa pili, robota la nyasi linaanguka chini. Anayekwama hapo mara nyingi amewasha mashine kabla vifaranga havijafika chini ya mdomo wa bomba. Dawa: tembea polepole, simama pale pale, hesabu hadi vyote vijikusanye miguuni, ndipo uende kwa swichi.

Sasa kasoro kubwa, na hii inaniudhi kila nikiifikiria: kofia za kuendesha akili. Mtoto anaruka, kofia inamshika kichwa, miguu inaning'inia, na kule chini mwili mwingine unaanza kusogea kwa pedi yako. Vizuri. Baadaye unakuta mwili unaouendesha unaweza wenyewe kuvaa kofia ya pili na kuendesha mwili wa tatu. Mtoto anaendesha mtu anayeendesha mtu! Hilo peke yake lingebeba gemu nzima ya mafumbo. Playdead wanalitumia, wanakuonyesha kwamba wamelifikiria, kisha wanaliacha na kukupeleka kwenye maji. Ni kama kupikiwa pilau, unaonjeshwa kijiko kimoja, sufuria inarudishwa jikoni.

---

Mbio_za_Usiku

Dada, ukiongeza mafumbo ya kofia kumi na mbili unaua mwendo. Gemu hii inategemea kutosimama. Fumbo likimshika mtu dakika ishirini, hofu inaisha, anaanza kuona poligoni, yaani vipande vilivyounda picha, badala ya kuona mbwa wanaomkimbiza mtoto.

---

DadaWaMafumbo

Sijasema kumi na mbili. Nimesema mawili zaidi. Kati ya kijiko na sufuria kuna sahani, kaka.

---

Fundi_Wa_Luthuli

Nyinyi bishaneni na pilau, mimi nije kwa picha, kwa sababu nusu ya malalamiko ya "giza sana, sioni kitu" nayosikia mjini si makosa ya gemu. Ni TV.

INSIDE imetengenezwa kwa Unity, programu ya kuundia gemu. Karibu kila eneo lina ukungu, na ukungu ni rangi inayobadilika kidogo kidogo kutoka nyeusi kwenda kijivu. Tatizo ni kwamba picha ya kawaida ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi. Kwenye giza unatumia labda ngazi ishirini za chini, umezitandaza skrini nzima, na jicho linaanza kuona mistari kama ya mbao. Playdead waliizuia mistari hiyo kwa kunyunyiza chembechembe, vumbi dogo la picha, katika hatua mbalimbali za kuchora, ili mpaka kati ya ngazi na ngazi uvunjike na jicho lisiuone. Juu ya hapo wana njia ya kulainisha kingo kwa kuchanganya fremu ya sasa (picha moja moja zinazounda mwendo) na zilizopita. Programu ya njia hiyo waliitoa hadharani, bure, watengenezaji wengine wakachukua. Mchanganyiko huo ndio unaotoa ule mwonekano laini kama picha ya zamani.

Sasa angalia TV inavyoharibu kazi hiyo:

Makali ya picha yakiwa juu, TV inachukua lile vumbi na kulikoleza. Skrini inawashawasha kama ina mchanga. Shusha. TV nyingi sifuri ndiyo hali ya kawaida, chache ni katikati, kwa hivyo shusha polepole hadi kingo za maandishi ya menyu zisiwe na mzingo mweupe.

Mwangaza unaojirekebisha wenyewe, zima. Taa ya tochi ikiingia kwenye skrini, TV inadhani picha yote imekuwa nyeupe, inazama, na mbwa wanapotea.

Kulainisha mwendo, zima pia. Gemu inaenda fremu 60 kwa sekunde na haihitaji fremu za kubuniwa, zinachelewesha tu pedi. Ukiweka hali ya gemu, TV nyingi huzima hayo mambo kwa mpigo.

Na hili ndilo wengi hawalijui: masafa ya weusi kwenye HDMI, ile kebo ya kutoka mashine ya gemu hadi TV. Kuna masafa kamili, 0 hadi 255, na masafa finyu, 16 hadi 235. Mashine ikituma kamili na TV ikitarajia finyu, kila kitu chini ya 16 kinakuwa shimo jeusi, na msitu wa mwanzo wote uko huko chini. Ikiwa kinyume, weusi unakuwa kijivu kama majivu ya jiko. Suluhisho si kupandisha mwangaza. Weka pande zote mbili zifanane.

Jambo la mwisho: usihukumu picha ya INSIDE kwa video za mtandaoni. Kinachobana video kinaona lile vumbi ni takataka, kinalitupa, na mistari inarudi yote.

---

Kijana_wa_Umoja

Na mwenye laptopu isiyo na kadi ya picha? Yangu ni i5 ya zamani, RAM GB 8.

---

Fundi_Wa_Luthuli

Mahitaji ya chini rasmi ni RAM GB 4, kadi ya kiwango cha GT 630, na nafasi ya GB 3. Picha ya ndani ya Intel ya miaka ya karibuni inajikaza, ya zamani inakwama kwenye maji na ukungu mzito.

Fungua kwanza uangalie hizo GB 8 ni kijiti kimoja au viwili. Picha ya ndani haina kumbukumbu yake, inakopa RAM ya kompyuta. Kijiti kimoja ni njia moja, viwili vya GB 4 ni njia mbili, na tofauti utaiona bila kupimiwa. Chomeka chaja, weka nguvu kamili, funga kivinjari. Halafu 1280 kwa 720. Ila jua gharama yake: ule ulainishaji wa fremu zilizopita ukikosa pikseli za kutosha unapaka picha mafuta, na mtoto akikimbia anaacha kivuli nyuma. Bora hivyo kuliko kuyumba kati ya fremu 25 na 50, maana kuruka kwa gemu hii kunataka mwendo usiotetereka.

---

Kijana_wa_Umoja

Shukran fundi. Na kwa simu, Android?

---

Mbio_za_Usiku

Hakuna INSIDE ya Android. LIMBO ipo, INSIDE haipo. Faili zinazosambazwa zikiitwa INSIDE ya Android ni mtego, zitakula simu na bando. Ya iPhone ni halali: unapakua bure, unacheza mwanzo, kisha unalipa mara moja kufungua iliyobaki. Vidole vinatosha sehemu nyingi, ila kwenye mbio za mbwa unga pedi.

Kwa Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, lipia na kadi ya Visa ya GlobalPay unayotengeneza ndani ya programu ya M-Pesa. Bei ya kuanzia ilikuwa karibu dola 20, na kwenye misimu ya punguzo hushuka sana. Usinunue bei kamili, na hii ninasema nikiipenda: ni saa tatu hadi nne. Ni basi la Nairobi kwenda Nakuru ukikutana na jam.

---

Masikio_Wazi

Mmeandika skrini nzima na hakuna aliyetaja sauti. Aibu.

Sauti ni kazi ya Martin Stig Andersen pamoja na SØS Gunver Ryberg. Andersen alipitisha sauti kwenye fuvu halisi la binadamu: alilitetemesha kwa sauti, akarekodi kilichotoka. Fikiria unavyosikia sauti yako mwenyewe ukiziba masikio, ile nzito inayopita kwenye mfupa. Ndiyo maana muziki wa gemu hii hausikiki kama unatoka spika, unasikika kama uko nyuma ya meno. Kwa spika za TV sehemu hiyo ya chini haipo kabisa, umelipia nusu ya gemu. Vaa hedifoni za kufunika sikio, hata za bei nafuu, na uzime "besi ya ziada" ama utaziba kila kitu.

Jambo la pili ni la ufundi zaidi. Ukifa, gemu nyingi zinakata muziki na kuuanza upya, na ndiyo sababu kufa mara kumi kunachosha. Hapa sauti ya mazingira haikatiki. Mtoto anarudi, sauti inaendelea ilipokuwa.

Inapolipa ni kwenye mawimbi ya mshindo. Kuna eneo ambalo mlipuko wa mbali unapiga kila baada ya sekunde chache, na aliye wazi anasambaratika. Unajificha nyuma ya chuma, mshindo unapita, unakimbia hadi chuma kinachofuata. Kosa la kawaida ni kuangalia vipande vinavyoruka. Ukiviona umechelewa. Funga macho mapigo mawili, usikilize, ujue urefu wa kipindi. Kisha kimbia mara tu baada ya pigo, si katikati ya kimya. Kwenye ngao zinazozunguka, lenga kufika ngao ikiwa inaanza kukufunika, kwa sababu ikishamaliza kukufunika inaanza kukufunua. Na kwa kuwa mdundo haukatiki ukifa, jaribio la pili unaingia ukiwa tayari ndani ya wimbo.

---

DadaWaMafumbo

Hapo Masikio umenishika. Mshindo ndilo fumbo bora la gemu nzima na linachezwa kwa sikio.

Lakini vifo vyenyewe tuviseme. Kuna vifo vya haki, mshindo ni mmoja wao: kanuni umeisikia, umekosea mwenyewe. Halafu kuna vifo vya kukisia. Mbio za kwanza za mbwa, ukisimama kidogo tu kuangalia nyuma umeliwa, na hakuna njia ya kujua hilo kabla ya kuliwa. Yule kiumbe wa majini mwenye nywele ndefu, mara ya kwanza anakuvuta chini hujajua hata kwamba yupo. Baadaye unagundua anaogopa mwanga, unamgeuzia taa ya chombo cha kuzamia unachoendesha, anarudi nyuma, na kanuni inakuwa nzuri sana: huwezi kumulika unakokwenda na kumulika anakotoka kwa wakati mmoja. Kwa nini nisionyeshwe hilo bila kuzamishwa kwanza?

---

Ngome_ya_Pikseli

Kwa sababu LIMBO ilifanya hivyo hivyo na hawajaacha tabia. Nitaitetea kidogo: vituo vya kurudia viko karibu karibu. Ukifa unarudi sekunde chache nyuma, na hata stima ikipotea umepoteza kipande kidogo tu. Kifo cha kukisia kinachogharimu sekunde tano nakisamehe. Kingekuwa dakika tano ningetupa pedi.

Sasa mwisho. ONYO: ambaye hajamaliza aruke machapisho yanayofuata.

Mtoto anafika kwenye tangi, ndani kuna rundo la miili iliyoungana, mikono na miguu kila upande. Anachomoa vifaa vilivyoliunganisha, linamvuta ndani, na kuanzia hapo pedi yako inaendesha rundo lile. Vitufe ni vile vile vitatu. Ila sasa kuruka ni kujirusha, kusimama ni kuteleza kwa uzito, na kushika ni mikono isiyojulikana ni ya nani. Saa tatu umejifunza mwili mdogo mwepesi, dakika za mwisho unapewa mwili mzito unaovunja kuta. Hakuna gemu ya aina hii iliyonifanya nihisi uzito kwa kidole gumba namna ile.

---

Mbio_za_Usiku

Na baadhi ya wale wanasayansi wanalisaidia kupita! Hapo ndipo kila mtu ana nadharia yake.

---

DadaWaMafumbo

Mimi nina lalamiko badala ya nadharia. Rundo linavunja kuta dakika mbili, kisha linarudishwa kusukuma vitu na kufungua milango kama mtoto alivyofanya saa mbili zilizopita. Mwili mpya, kazi ya zamani.

Na mwisho wa siri. Unatafuta mipira inayong'aa iliyofichwa gemu nzima, mingi utaipata kwa kufuata nyaya za njano zinazotoweka ukutani au kwa kwenda kushoto pale gemu inapokuvuta kulia. Kisha unarudi shambani, kwenye mahindi, unaingia handaki la chini, unachomoa plagi, na mtoto anainama akiwa amelegea kama wale wa kwenye foleni. Wazo zito. Lakini aliyemaliza mara moja hatalifikia kwa kubahatisha, na gemu haina lingine la kumrudisha.

---

Mzee_wa_Another_World

Vijana, nimesoma yote. Another World ya Éric Chahi, 1991, ilifanya hadithi ya sayansi bila maneno katikati ya mchezo, mwanamume mmoja na poligoni chache, na ilikuua kwa kukisia mara mia kuliko hii. Kwa kipimo hicho INSIDE ni ya upole. Iliyojaribu kufuata nyayo ni Somerville ya 2022, kutoka studio ambayo Dino Patti, mmoja wa waanzilishi wa Playdead, aliianzisha na mwenzake. Ile iliongeza kina, unatembea pia kwenda ndani na nje ya skrini, na mara moja utaona Playdead walipata nini kwa kubaki kwenye mstari mmoja: hujui pa kusimama, unagongana na meza, kamera haijui ikutazame vipi. Mstari mmoja ndio unaowaruhusu wapange kila taa.

Ukitaka mwendo huo bila hofu, FAR: Lone Sails ya 2018, unaendesha gari kubwa la mvuke na matanga. Mafumbo mepesi vilevile, dada, usinilaumu.

---

DadaWaMafumbo

Sikulaumu, mzee. Nitaicheza nikilaumu wao.

---

Kijana_wa_Umoja

Nimefungua laptopu. Kijiti kimoja, fundi. Na swali lingine: kuna mtu aliandika kwingine kwamba mahali rundo linapoishia, pale ufukweni, paliwahi kuonekana mapema. Kweli?

---

Ngome_ya_Pikseli

Kweli. Ukiwa rundo, ndani ya jengo, unapita chumba chenye kielelezo kidogo cha kilima kinachoteremka hadi kwenye maji, na taa imekielekea. Wengi wanakipita kwa kuwa wanakimbia. Simama hapo, angalia taa inaangukia wapi, kisha cheza hadi mwisho uone miale inapotua kwenye nyasi.

---

Fundi_Wa_Luthuli

@Kijana_wa_Umoja kabla hujanunua cha pili, soma kibandiko cha hicho ulicho nacho ujue aina ya RAM: DDR3 au DDR4, na kama ni DDR3 angalia herufi L mwishoni, yaani PC3L. Laptopu nyingi za umri huo zinataka ya volti 1.35, ukichomeka ya 1.5 haiwaki. Nafasi ya pili mara nyingine iko chini ya kibodi, si nyuma, kwa hivyo usilazimishe kifuniko.